Sura ya Tano: Gari la Kilo 350

Kariakoo ni mtaa uliopewa jina la kazi ya kubeba. Jina hilo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, na ambacho sehemu yake ilipiga kambi mahali hapo baada ya mji wa Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Mpagazi wa misafara ya zamani alibeba takribani frasila mbili, na kwa kuwa frasila moja ni kama kilo 16, mzigo wake ulikuwa kilo 30 na ushei. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, swali ambalo jeshi lile lililijibu kwa migongo ya watu bado linaulizwa katika mitaa ile ile: ni chombo gani cha bei nafuu, chepesi kutengenezwa na kisichohitaji nafasi kubwa, kinachoweza kuutoa mzigo wa mfanyabiashara mdogo dukani na kuufikisha unakokwenda?

Swali hilo lina uzito kwa sababu Kariakoo ni ghala la ukanda mzima. Wafanyabiashara wa mikoani, wa Zambia, Malawi, Burundi na mashariki ya Kongo hununua hapo nguo, viatu, vyombo vya plastiki, vifaa vya umeme na vya ujenzi, kisha hulazimika kuvitoa katika mitaa ya Kongo, Sikukuu, Mchikichi, Narung'ombe na Aggrey, ambayo ni myembamba na imejaa meza za wamachinga, hadi kwenye maghala ya wasafirishaji, bandarini au kwenye mabasi. Safari zenyewe zimekuwa ngumu na ndefu kuliko zamani. Mwaka 2016, mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza kazi kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, sehemu ya Mtaa wa Msimbazi ilitengwa kwa ajili yake; na mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, takribani kilomita 20 kutoka Kariakoo, umbali ambao msukuma mkokoteni hana haja hata ya kuulizia bei yake.

Vyombo vinavyofanya kazi hiyo vimepangika kama ngazi. Chini kabisa yupo kuli na bega lake, kisha mkokoteni wa magurudumu mawili, kisha guta, yaani baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo, ambayo siku hizi mara nyingi imepata injini ya pikipiki. Juu yake ipo kirikuu, ambayo ndiyo mada kuu ya sura hii, na juu zaidi zipo kanta na fuso, malori ambayo majina yake yalitokana na magari ya Mitsubishi lakini sasa huitwa hivyo kwa ukubwa wake, hata yakiwa ya kampuni nyingine. Anayeikagua ngazi hiyo hugundua kwamba kuna kipandio kimoja kisichokuwapo: pikapu mpya ya kawaida, yenye milango miwili, gia za mkono, injini isiyo na makuu, na bei inayoweza kulipwa kwa mapato ya kubeba mizigo. Pikapu mpya zipo mjini, tena nyingi, lakini hazifanyi kazi Kariakoo. Zinapita tu.

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa maana yake ya msingi, pikapu ni gari dogo lenye kabini ya watu wawili au watatu mbele na bodi iliyo wazi nyuma, lililojengwa juu ya chesisi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, ambavyo huubeba uzito wote ili bodi yenyewe isilemewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 gari la namna hiyo nchini Tanzania lilikuwa Peugeot 404, Datsun, Land Rover ya bodi ndefu au Toyota Hilux, ambayo ilizinduliwa Japani mwaka 1968 ikiwa na injini ya lita 1.5 na bila sifa yoyote ya kujivunia zaidi ya kubeba tani moja. Tatizo la enzi hizo lilikuwa kulipata gari, kwa kuwa tangu mwaka 1974 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, State Motor Corporation, na fedha za kigeni zilipokauka kuanzia mwishoni mwa muongo huo, gari jipya likawa jambo la kibali na la kusubiri. Bajeti ya mwaka 1984, katika kipindi ambacho Cleopa Msuya alikuwa Waziri wa Fedha, ndiyo iliyoufungua mlango kwa kumruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa alikozipata, na miongoni mwa vitu vilivyomiminika vilikuwa pikapu, kwa sababu ni vyombo vichache vilivyorudisha fedha ya mwenyewe haraka kama hizo.

Mji uliokuwa na njaa ya usafiri haukuziacha zibebe mizigo peke yake. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yalikuwa yamezidiwa, watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kubeba abiria mwaka 1983, na pikapu nyingi zilifungwa turubai na mabenchi mawili yanayotazamana, zikaitwa chai maharage, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kwamba lilitokana na abiria kukaa uso kwa uso kama wateja wa mgahawa wanaokunywa chai kwa maharage kwenye meza moja. Yafaa jina hilo likumbukwe, kwa kuwa linaonyesha jinsi gari sahili linavyokubali kugeuzwa: seremala na mchomeleaji walitosha kuifanya pikapu ile kuwa basi, na siku ya pili wangeweza kuirudisha kuwa gari la viazi.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotoweka, na namna ilivyotoweka inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu haikuondoka barabarani. Iligeuka kitu kingine huku watu wakiitazama. Safu ya pili ya viti iliongezwa nyuma ya dereva, milango ikawa minne, na gari likaitwa dabo kebini. Kisha kikaja kiyoyozi, vioo vya umeme, mikoba ya hewa, kamera na skrini. Kila kilichoongezwa mbele kililipiwa na nafasi ya nyuma au na bei, na mara nyingi na vyote viwili. Bodi ya Hilux ya dabo kebini ya siku hizi ina urefu wa takribani mita 1.5, ilhali gari zima lina urefu wa zaidi ya mita 5.3. Kirikuu nzima, kutoka pua hadi mkia, ni mita 3.4, na bodi yake inakaribia mita 1.9. Gari kubwa limebaki na bodi fupi kuliko gari dogo, na tofauti hiyo inasema mengi kuhusu ni nani aliyekuwa akilinunua.

Mnunuzi wa pikapu mpya Tanzania ni Serikali na taasisi zake, miradi ya wafadhili, mashirika, migodi na makampuni ya ujenzi, yaani wanunuzi ambao fedha wanayolipa si ya mfukoni mwao na ambao hubeba watu wengi kuliko vitu. Ofisa anayekwenda kukagua mradi Rufiji anahitaji viti vitano na ubaridi. Bodi ya nyuma inatosha kwa tairi la akiba, mabegi na, wakati wa kurudi, gunia la mchele. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya, ikiwa neno hilo linafaa, ni kwamba mauzo yanapotegemea mnunuzi wa namna hiyo, anayeliuza gari hana sababu ya kuweka ghalani pikapu ya milango miwili isiyo na kiyoyozi kwa ajili ya muuza nyanya wa Soko la Ilala ambaye hana uhakika wa kupata mkopo. Hata usahili wenyewe umekuwa bidhaa ya anasa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984 na inayoendelea kuundwa, ambayo mitaani huitwa mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, inathibitisha kwamba gari lisilo na mbwembwe linaweza kuishi miaka 40 kiwandani. Lakini linauzwa kwa bei ya watalii, migodi na polisi. (Pikapu ya polisi nayo huitwa difenda jijini Dar es Salaam hata inapokuwa Land Cruiser, jambo ambalo Land Rover ingefurahi kulisikia.)

Mabadiliko haya hayakuanzia Dar es Salaam, na sehemu ya chanzo chake ni kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilizuia kwa ushuru kuku wa bei rahisi waliotoka Marekani, na Marekani ikalipiza kwa kutoza asilimia 25 kwa bidhaa kadhaa za nje, magari madogo ya mizigo yakiwemo, kuanzia mwaka 1964. Ugomvi wa kuku ulisahaulika lakini ushuru wa magari ukabaki, na kwa sababu hiyo soko tajiri kuliko yote duniani kwa pikapu lilifungiwa washindani wadogo wa kutoka Asia, likawaachia watengenezaji wa nyumbani nafasi ya kuzikuza pikapu zao mwaka hadi mwaka, ukubwa na bei vikipanda pamoja. Viwanda duniani vilijifunza somo moja: gharama ya kuunda chesisi, injini na kabini haitofautiani sana kati ya gari la mkulima na gari la bosi, lakini faida inatofautiana mno. Kanuni za usalama na za moshi, ambazo zina sababu nzuri, ziliongeza kiwango cha chini cha vifaa ambacho kila gari jipya sharti liwe nacho, na gari la bei ya chini ndilo lililoumia zaidi, kwa kuwa kompyuta ya injini na mfumo wa breki vina gharama ile ile popote vinapofungwa.

Pengo lililobaki Kariakoo lilijazwa na gari ambalo halikubuniwa kwa ajili ya Kariakoo, wala Tanzania, wala Afrika. Kirikuu ni jina la mitaani la magari kama Suzuki Carry na Daihatsu Hijet, jina ambalo wengi hulihusisha na Kirikou, kitoto kidogo chenye mbio na akili katika filamu ya katuni ya Mfaransa Michel Ocelot ya mwaka 1998. Nchini Japani magari hayo yamo katika daraja linaloitwa kei, maana yake "jepesi", lililoanzishwa na sheria mwaka 1949 wakati nchi hiyo ilipokuwa ikijikongoja kutoka vitani, na ambalo mipaka yake imekuwa ikipanuliwa polepole: injini isizidi sentimita za ujazo 360 katika miaka ya 1950, kisha 550 mwaka 1976, kisha 660 mwaka 1990, na tangu mwaka 1998 gari lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2. Mwenye gari lililo ndani ya mipaka hiyo hulipa kodi ndogo. Hijet ya kwanza iliuzwa mwaka 1960 na Carry mwaka 1961, na wateja wake wakubwa wamekuwa wakulima wa mpunga, wavuvi na wenye maduka madogo ya vijijini, ambako njia za mashambani hazina upana wa kupitisha gari jingine.

Sheria ikimbana mbunifu kiasi hicho, humlazimisha kuwa mwerevu. Kwa kuwa urefu ni haba, dereva hukaa karibu kabisa na kioo cha mbele, injini ikawekwa chini ya viti au nyuma yake kidogo, na sehemu yote iliyobaki ikawa bodi. Kuta tatu za bodi hiyo, mbili za ubavuni na moja ya nyuma, hushuka kwa bawaba, ili shehena iweze kupakiwa na kushushwa kutoka upande wowote. Katika shamba la mpunga huo ni urahisi. Katika Mtaa wa Kongo, ambako gari likishaingia haliwezi kugeuka wala kuchagua litaegesha upande gani, ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kutoifanya. Gari lenyewe lina uzito wa takribani kilo 700, na uzito wa shehena ulioruhusiwa na sheria ya Japani ni kilo 350, sawa na mizigo ya wapagazi kumi au kumi na mmoja wa zamani.

Swali linalofuata ni kwa nini Wajapani huyauza magari hayo yangali na uhai, na jibu lake limo tena katika sheria yao. Gari nchini Japani sharti lipite ukaguzi rasmi uitwao shaken, ambao kwa magari haya hurudiwa kila baada ya miaka miwili na ambao, pamoja na bima, kodi na matengenezo yanayodaiwa, hugharimu fedha ambayo mara nyingi hailingani na thamani ya gari kuukuu. Mwenye gari huona heri alitoe mnadani. Sababu nyingine ni ya huzuni kidogo: wastani wa umri wa wakulima wa Japani unakaribia miaka 70, na mkulima anapostaafu au kufariki bila mrithi wa shamba, kigari chake huingia sokoni. Kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, na usukani wake uko kulia, gari hilo halihitaji kugeuzwa chochote. Kampuni kama BE FORWARD na SBT hulipiga picha na kulitangaza, mnunuzi aliyeko Ilala hulipa kwa benki, na baada ya majuma kadhaa linashushwa kwa magurudumu yake katika bandari ya Dar es Salaam, ambako Gati 0 ilijengwa mahsusi kwa ajili ya meli za magari.

Kodi ya Tanzania, ingawa inalaumiwa kila siku katika vijiwe vya madereva, kwa gari la mtumba la mizigo si kali kama inavyodhaniwa, na hesabu yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua kwa sababu ndani yake mna siri ya ugumu wa kununua gari jipya. Mamlaka ya Mapato huanzia kwenye thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Ikichukuliwa kwamba jumla hiyo ni 100, ushuru wa forodha wa asilimia 25 huifanya 125, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huifikisha 147.5, kabla ya tozo ndogo ndogo. Gari la mizigo lililotimiza miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 5, ambao huisukuma jumla hadi karibu 155. Kwa hiyo uchakavu wa miaka 10, 15 au 20 huadhibiwa kwa nyongeza ya takribani pointi saba na nusu, ilhali katika miaka hiyo hiyo bei ya gari lenyewe imeshuka na kuwa sehemu ndogo ya bei ya upya. Kodi inayotozwa kwa asilimia humfuata anayelipa zaidi: anayeleta gari jipya la bei mara tano hulipa pia kodi zaidi ya mara nne, kwa ajili ya gari linalobeba magunia yale yale. Lengo la ushuru wa uchakavu ni kupunguza magari makuukuu. Kwa pikapu, hesabu inawaelekeza watu huko huko kwenye ukuukuu.

Nchi jirani zinaonyesha kwamba kukaza mlango peke yake hakuleti pikapu mpya. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, nayo inazo karakana za kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa. Isuzu huunganisha pikapu zake Nairobi. Hata hivyo, Mkenya wa kipato cha kati anayehitaji kubeba mizigo midogo amekimbilia Toyota Probox, gari la abiria lenye mgongo mrefu lililotoka mwaka 2002, ambalo hubeba kila kitu kuanzia miraa hadi saruji, springi zikiwa zimenyooka. Uganda nayo iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Katika nchi zote tatu hitaji ni moja, na kila moja imelijibu kwa gari la mtumba lililobuniwa kwa ajili ya mtu mwingine, likateuliwa na sheria zake za forodha kuliko na wahandisi wake.

Majaribio ya kulibuni gari la nyumbani hayakukosekana. Tanzania ilikuwa na Nyumbu, mradi wa jeshi huko Kibaha ambao katika miaka ya 1980 ulitengeneza malori yaliyokusudiwa kwa barabara mbovu za nchi. Kenya, kwa agizo la Rais Moi la mwaka 1986, ilikipa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda Nyayo Pioneer, ambayo ilionyeshwa hadharani mwaka 1990 na haikufika sokoni. Na kampuni ya Mobius, iliyoanza Kenya takribani miaka 20 baadaye kwa ahadi ya gari sahili la Kiafrika, mwaka 2024 ilitangaza kufungwa kabla ya kumpata mnunuzi. Mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme aliloliunda. Kibaha hiyo hiyo leo ina kiwanda cha GF kinachounganisha malori ya FAW ya China, lakini hayo ni malori makubwa, kwa kuwa mwenye lori la masafa marefu hupata mkopo na mwenye shehena ya Mtaa wa Sikukuu hapati.

Wahindi ndio waliolikabili jambo hili kwa umakini zaidi. Mwaka 2005 Tata ilitoa Ace, kigari cha mizigo kilichopewa jina la utani la "tembo mdogo", baada ya kugundua kwamba mwenye bajaji ya mizigo alikuwa tayari kupanda daraja na kumiliki kitu chenye magurudumu manne ikiwa bei ingemruhusu. Na mwaka 2016 Suzuki ilianza kuunda Super Carry nchini humo, masoko ya Afrika yakiwa miongoni mwa yaliyolengwa. Toyota yenyewe ilizindua Hilux Champ nchini Thailand mwishoni mwa mwaka 2023, gari la milango miwili lenye bodi bapa yenye matundu ya bolti ili fundi wa mtaani afunge anachotaka, kwa bei ya kuanzia baht 459,000, takribani dola 13,000 za Marekani. Kwa umbo, hiyo ndiyo chai maharage imerudi. Kwa bei, ikipitishwa katika hesabu ya 147.5 iliyoelezwa hapo juu, inakuwa dola 19,000 na zaidi hata kabla nauli ya meli na faida ya muuzaji hazijaguswa.

Hapo ndipo suala la mkopo linapojitokeza, na pengine lina uzito kuliko kodi. Dereva wa kawaida wa Kariakoo halimiliki gari. Humpelekea tajiri hesabu ya kila siku na kubaki na kinachozidi, au huingia mkataba, neno ambalo katika biashara hii lina maana mahsusi: tajiri hununua chombo, dereva hulipa kiasi kilichokubaliwa kila siku au kila juma kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha chombo kinakuwa chake. Mkataba ni mkopo bila benki. Dhamana yake ni chombo chenyewe na sifa ya dereva, na riba yake imefichwa katika urefu wa siku. Mfumo huo unafanya kazi vizuri kwa bodaboda, bajaji na guta la injini, kwa sababu bei yake inaweza kumalizwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kabla chombo hakijachoka na kabla subira ya tajiri haijaisha. Kwa gari jipya lenye magurudumu manne, mkataba ungehitaji miaka mingi, na hakuna tajiri anayekubali kungoja kiasi hicho kwa kitu kinachoweza kugongwa kesho Buguruni. Matokeo yake ni jambo la ajabu kidogo: chombo kipya cha mizigo ambacho mfanyakazi wa Kariakoo anaweza kukipata kikiwa kipya kweli, chenye nailoni kwenye kiti, kina magurudumu matatu.

Mafundi nao wana sauti katika uamuzi huo, na sauti yao ni ya kihafidhina. Katika vibanda vya Gerezani na Ilala Bungoni, injini za Suzuki za sentimita za ujazo 660 zinajulikana kama sala. Spea zake hupatikana mpya, za mtumba na za kuchongwa. Na fundi anaweza kuongeza majani ya springi, kuinua kuta za bodi kwa mabomba na kuchomelea chesisi iliyopasuka kabla ya adhuhuri. Gari jipya la Kihindi au la Kichina, hata likiwa imara, huingia katika mtaa ambao hauna maiti zake za kukatwa spea. Inahitajika miaka mingi ya ajali na vifo vya magari kabla gari halijawa rahisi kutengenezwa, na mnunuzi wa kwanza ndiye anayelipia miaka hiyo. Kwa njia hiyo mtumba wa leo unazuia ujio wa gari jipya la kesho, si kwa hila ya mtu yeyote, bali kwa uzito wa mazoea na wa spea zilizorundikana.

Utegemezi huo ungekuwa na afadhali kama chemchemi yenyewe ingekuwa ya uhakika. Subaru iliacha kuunda Sambar yake mwaka 2012, Mitsubishi ikaacha Minicab ya mizigo mwaka 2014 na kuanza kuweka nembo yake kwenye gari la Suzuki, na Honda ikaifunga Acty mwaka 2021. Waliobaki wakiunda kirikuu za injini wenyewe ni Suzuki na Daihatsu. Mwezi Desemba 2023 Daihatsu, ambayo ni mali ya Toyota, ilisimamisha upelekaji wa magari yake yote baada ya kubainika kwamba majaribio ya usalama yalikuwa yakighushiwa kwa miaka mingi. Wakati huo huo Wamarekani, waliochoshwa na pikapu zao zenye ukubwa wa vyumba, wamezigundua kirikuu: sheria yao huruhusu kuingizwa kwa gari la nje likishatimiza miaka 25, na wakulima na wapenda magari wa huko sasa wanashindania minadani magari yale yale ambayo hapo awali yalikuwa na wateja wachache nje ya Afrika na Asia. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Narung'ombe anayelalamika kwamba kirikuu zimepanda bei huenda analalamikia, bila kujua, mwenye shamba wa Marekani ambaye naye hakupata pikapu ndogo mpya ya kununua.

Sheria ya Japani inadai kwamba gari la mizigo liandikwe nyuma uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba. Kwenye ukuta wa nyuma wa baadhi ya kirikuu za Kariakoo kibandiko hicho bado kipo, kimepauka, kikiwa na maandishi ya Kijapani yanayofuatwa na tarakimu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma: 350. Hayo ni magunia saba ya kilo 50. Shehena ikishapangwa kibandiko hakionekani tena, kwa kuwa ukuta huo huwa umeshushwa ili mzigo upate pa kutokezea.